Maneno Matano

Jumapili, saa nane mchana, Mwenze aliingia katika nyumba isiyo yake, akavua viatu mlangoni, akakaa kitini na kuomba maji ya kunywa.

Nyumba ilikuwa ya Mama Henriette. Tuseme haki, nyumba za mtaa wa Kapata zinafanana mno. Kampuni ya zamani ilizijenga kwa mistari, zote kwa ramani moja, mlango kushoto na dirisha kulia, na miaka imezichakaza zote namna moja. Mgeni akipotea humo hakuna wa kumcheka. Lakini Mwenze hakuwa mgeni. Alikuwa ameishi mstari wa tatu, nyumba ya nne, kwa miaka kumi na moja, na nyumba ya Mama Henriette ilikuwa mstari wa pili.

Mama Henriette alikuwa anachambua maharagwe. Alimletea maji kwa sababu hakulelewa kumnyima mtu maji, kisha akabaki amesimama, anamtazama anavyokunywa.

"Tata Jémima," akasema, akimwita kwa jina la binti yake, "leo njo umekumbuka kutusalimia?"

Mwenze akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya harusi ya watu wengine. Akasimama ghafla, maji yakamwagikia suruali. Akafanya anachofanya mtu mwenye aibu kabla hajafikiri: alishika uongo wa kwanza uliopita karibu.

"Nimekuya kuomba nyundo," akasema. "Ya mara moja tu, mama."

Akapewa nyundo. Akashukuru, akatoka.

Mkewe, Godelieve, alikuwa uani anafua. Alimwona anaingia na nyundo, miguu mitupu, jasho linamtiririka shingoni. Hapakuwa na kitu cha kugonga pale nyumbani, hata msumari mmoja. Kabla hajapata la kuuliza, Mama Henriette akatokea njiani ameshika viatu vya Mwenze, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, na alikuwa amepita navyo mstari mzima mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani.

"Mama Jémima, bwana yako amesahau biatu ku nyumba yangu," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na haja ya kuwa kubwa vile. "Ile pombe ya Jumapili, mumupunguzie."

"Hanywake pombe," akasema Godelieve.

"Basi iko na kitu kibaya kupita pombe."

Alisema hivyo ili kuumiza, na wala hakujua kwamba alikuwa amesema kweli. Godelieve alipokea viatu, akavifuta vumbi kwa kanga yake, akaviweka ndani. Mikono yake ilikuwa baridi, na si kwa sababu ya maji ya kufulia.

*

Hofu hii ilimwanza Godelieve tangu kiangazi kilichopita, na hakumwambia mtu. Mwanzo ilikuwa mambo madogo ambayo kila mke huyacheka. Mwenze anasimama katikati ya chumba hajui alichofuata. Anauliza swali, anajibiwa, na kabla chai haijapoa anauliza tena. Halafu mwanamume huyu, ambaye Kapata nzima ilimjua kwa upole, akaanza kufoka kwa sababu ya kijiko. Vidole vikafa ganzi; sasa vifungo vya shati alifungiwa na mkewe kila asubuhi, wote wawili wakitazama pembeni. Siku moja sufuria ya maharagwe iliungua mpaka moshi ukajaa nyumba, na Mwenze alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni, hajanusa chochote.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi malori. Garaji yao ilikuwa kwenye njia ya kwenda mgodi wa Mashamba, na malori yanayobeba mawe ya shaba yaliletwa pale yakiwa yamekwaruzika, yakatoka yanang'aa njano. Sasa Kolwezi wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, na vumbi likigusa rangi mbichi kazi yote inarudiwa. Kwa hiyo walishusha maturubai pande zote za banda, wakaziba chini kwa magunia, ndipo wakawasha pistole ya kupulizia. Rangi ilichanganywa na diliyan, ile dawa ya kuyeyushia iliyo nyepesi kama maji na kali kuliko petroli. Jioni walijisafisha nayo mikono mpaka viwikoni. Miaka kumi na minne Mwenze alivuta hewa hiyo, nyuma ya maturubai, ili lori la mtu mwingine lisishike vumbi.

Maske za kufunika pua na mdomo zilikuwepo. Zilikuwa tatu kwa watu saba, zilitundikwa kwenye msumari, na vichujio vyake hakuna aliyekumbuka vilibadilishwa lini. Kinga yao waliyoiamini ilikuwa maziwa. Kila Jumamosi shefu, mkubwa wa garaji, aligawa mikebe miwili ya maziwa ya unga kwa kila fundi wa rangi, na hakukosa hata wiki moja. "Maziba inasafisha kifua," alisema, na mafundi walisema hivyo hivyo, na wake zao wakaamini.

Godelieve aliamini kuliko wote. Kila jioni alikoroga kikombe kizito, akasimama mbele ya mumewe mpaka akimalize. Jémima, binti yake wa miaka kumi na sita, na Falonne wa miaka sita, walikatazwa hata kugusa mkebe. "Ile ni dawa ya tata yenu." Mara moja alimkuta Falonne amechovya kidole, akamchapa mpaka mtoto akakosa sauti ya kulia. Alijiona anamlinda mumewe, na alijivunia hilo.

Sasa ilikuwa imebaki siku nne kufika Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa vizite, ile siku moja kwa mwaka ambayo mafundi wote hupimwa. Ukitoka una karatasi ya "apte" unarudi kazini. Ukitoka na "inapte" unaagwa, kazi imekwisha. Na nyumba waliyokaa ilikodishwa na garaji. Anayeagwa anaondoka mwisho wa mwezi.

Mwaka jana aliagwa Guelord, rafiki wa Mwenze, ambaye mikono yake ilitetemeka hata akilala. Alienda Lubudi kulima shamba la wakwe. Kabla ya kupanda treni alipita kwa Godelieve, akamwita pembeni.

"Mama Jémima, bale ba vizite banatumiaka karatasi moja tu," alimwambia. "Kila mwaka. Banakusomea maneno tano, banakuuliza bintu bingine, kisha banakuambia: rudilia. Mi sikurudilia. Lakini niliyakumbuka nyuma, nimekuandikia, dada yangu. Kamata."

Akampa kipande cha karatasi ya daftari. Godelieve alikificha ndani ya Biblia, akaomba asikihitaji.

Jumapili ile, baada ya viatu, alikitoa.

*

"Kengele," akasema Godelieve.

"Kengele," akasema Mwenze.

"Mbuzi."

"Mbuzi."

"Mulango. Sabuni. Mvula."

Walifanya hivyo Jumatatu asubuhi, na jioni, na Jumanne alipokuwa anamfunga vifungo. Jémima alisaidia. Alimwambia baba yake atengeneze hadithi: kengele imelia, mbuzi ameshtuka, amepita mlangoni, amekula sabuni, mvua imenyesha povu. Falonne alicheka sana, akaiimba uani, na Godelieve akamnyamazisha kwa kumziba mdomo, maana mstari wa tatu una masikio.

Jumanne jioni Mwenze alipata manne. La tano alilitafuta, akalikosa, akapiga meza kwa ngumi hadi kikombe cha maziwa kikaanguka.

"Munanifanya mutoto mu nyumba yangu," akasema. "Mutu wa miaka makumi ine na moja, mbuzi, sabuni. Mi si mujinga."

"Hakuna mwenye anasema uko mujinga, Tata Jémima."

"Shi munanichekelea? Nasikiaka."

Jémima alichukua kitambaa akafuta maziwa bila kuinua macho. Mwenze akaitazama mikono yake, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyekaa karibu naye. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

"Jumamosi shefu aliniita. Asema njano yenye nilichanganya haiko njano. Mi nilitazama, nikaona ni njano. Bale bengine bote balicheka." Akakisimamisha kikombe kilichoanguka. "Minaogopa, Mama Jémima. Nakuwaka mu njia, na ile njia yenyewe naona inanikimbia."

Godelieve alitaka kumwambia asiogope. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya watu wawili kudanganyana ndani ya nyumba moja. Akakaa karibu naye.

"Rudilia," akasema. "Kengele."

Kufika Jumatano alikuwa anayasema yote matano bila kusita, mbele na nyuma, hata akiamshwa usingizini.

*

Zahanati ya vizite ilikuwa mjini. Mafundi walipanga foleni ukutani wamevaa mashati ya Jumapili. Mwenze alikuwa wa tano. Godelieve alimsindikiza mpaka benchi, akamwekea kola sawa, akajiandaa kungoja nje.

Lakini mwaka huu mambo yalikuwa yamebadilika. Muuguzi mzee aliyekuwa anasoma karatasi amestaafu, na mahali pake amekaa daktari mwanamke kutoka Lubumbashi, Micheline Kanyinda, kijana bado, mwenye miwani. Alifungua mlango, akatazama foleni, akasema kila aliyekuja na mtu wa nyumbani aingie naye.

Kusindikiza Godelieve alikuwa amejiandalia. Kutazama hakujiandalia.

Waliingia, wakakaa. Daktari alimuuliza Mwenze jina, kazi, na miaka ya kazi. Alijibu vizuri. Godelieve akaanza kupumua.

"Sasa, tata," akasema daktari, "nitakusomea maneno matano. Usikilize muzuri. Kisha tutafanya kazi ingine, na nyuma nitakuomba uyarudilie. Ni sawa?"

"Ni sawa, Dokta," akasema Mwenze. Akajinyoosha kitini, akaweka mikono magotini. "Kengele, mbuzi, mulango, sabuni, mvula."

Karatasi ilikuwa bado ndani ya jalada. Daktari hakuwa ameifungua.

Nje mafundi walikuwa wanapiga soga kuhusu mpira. Mwenze alimgeukia mkewe akitabasamu, anangoja sifa yake, maana alikuwa ameyasema yote na kwa mpango. Godelieve alitazama sakafu.

Daktari alifungua jalada taratibu, akatoa karatasi, akasoma yaliyoandikwa, akairudisha.

"Ni yenyewe," akasema. "Nani alikufundisha, tata?"

Tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Mwenze alijua sasa kuna kosa mahali, ila hakuliona. "Ni maneno tu, Dokta. Iko mu kichwa."

"Muzuri. Basi mi nitakupa ingine. Kisu, ndizi, kitanda, moto, kofia. Rudilia."

Aliyarudia yote. Kisha daktari akamwambia asimame, miguu pamoja, mikono mbele, macho yamefungwa. Mwenze alisimama kwa muda wa pumzi mbili, akaanza kuyumba, na daktari akamshika bega kabla hajaangukia meza. Akamchoma vidole kwa kijiti, akimuuliza anasikia wapi. Vidole vitatu hakusikia. Akampangia vipande vya karatasi za rangi, amwekee zinazofanana pamoja. Mwenze, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa anachanganya njano kwa jicho tu, aliweka njano juu ya nyeupe, akasukuma vizuri zikalingana, akaridhika.

"Sasa, tata. Yale maneno."

"Kengele," akasema Mwenze. "Mbuzi." Akasita. Uso wake ukabadilika, na Godelieve aliona kwamba mumewe ameelewa. "Apana. Si ile. Ilikuwa ingine. Ngoja, Dokta. Ngoja kwanza."

Wakangoja. Mwenze alifumba macho. Midomo ilitembea bila sauti. Machozi yakamtoka, akayafuta haraka kwa kiganja, na bado alikuwa anatafuta.

"Imetosha, tata," akasema daktari. Akamgeukia Godelieve, akavua miwani. "Mama, mi sina hasira na wewe. Sikia muzuri. Hii karatasi inaniuliza kitu kimoja tu: anayua maneno matano? Anayua. Nikiandika tano, garaji itafurahi, kesho anarudi mu kazi, na hakuna mutu atakuya kuniuliza. Mi nakuuliza wewe, sababu njo wewe unalala naye mu nyumba moja. Ku nyumba, namna gani?"

Hapo ndipo Godelieve aliposhikwa. Aliiona nyumba ya nne, mstari wa tatu, na magodoro yao yametolewa nje, na Mama Henriette amesimama njiani anatazama. Aliuona mkokoteni. Halafu akayaona maturubai yameshushwa na magunia yamezibwa, na Mwenze ndani yake, kesho, na kesho kutwa, mpaka siku ambayo hatajua hata kuomba nyundo. Alikuwa amekuja pale kumwokoa na karatasi ya daktari. Sasa aliona alikuwa karibu kumrudisha kule kwa mkono wake mwenyewe.

"Jumapili," akaanza. "Jumapili aliingia mu nyumba ya mama mwingine, akazani ni kwetu."

"Mama Jémima," akasema Mwenze, "nyamaza."

"Akavua biatu. Akaomba mayi."

"Nakuomba, nyamaza."

Hakunyamaza. Alisema kuhusu vifungo vya shati. Alisema kuhusu maharagwe yaliyoungua, na kijiko, na ngumi mezani, na siku mumewe aliposahau jina la Falonne akamwita "wewe mudogo" mpaka jioni. Alisema kuhusu Guelord na Biblia. Kila alichosema, Mwenze aliinamisha kichwa kidogo zaidi, hadi mwisho alikuwa ameufunika uso kwa mikono yake yenye madoa ya njano. Godelieve alikuwa analia anaposema, na hakuacha kusema.

"Lakini maziba alikunywaka," akamalizia, kana kwamba anajitetea mahakamani. "Kila siku, Dokta. Nilisimamaka mbele yake. Ata batoto nilibakataza."

Inaonekana daktari alikuwa amesikia habari ya maziwa kwa wanne waliotangulia.

"Mama, ile arufu ya diliyan inaingilia mu pua. Inaenda mu damu, inapanda mu kichwa, inaingia mu mishipa ya mikono na ya miguu. Maziba inaenda mu tumbo. Habikutanake hata siku moja."

Godelieve alikumbuka kidole cha Falonne, cheupe kwa unga, na sauti ya mtoto ilivyokatika. Alijiona mbaya kuliko alivyowahi kujiona.

"Si bulozi?" akauliza Mwenze, bado amefunika uso.

"Si bulozi, tata. Na si pombe, na si bujinga. Ni kazi yako."

"Itapona?" akauliza Godelieve.

"Sitabadanganya. Yenye imeharibika, mingi haitarudia. Akitoka mu ile rangi leo, inaweza kusimama pale imefika. Akirudi, itaendelea kukula." Alivaa miwani, akachukua kalamu. "Nitaandika kama ni bugonjwa bwa kazi, na garaji inapashwa kumulipa. Batabisha. Mi nitaandika tu."

Kalamu ikatembea. Mwenze aliteremsha mikono, akamtazama mkewe, na hapakuwa na hasira machoni mwake. Ilikuwa hofu tupu, ya mtu aliyesikia habari zake zote zinasomwa kwa sauti na kugundua kwamba nusu yazo hakuwa anaijua.

"Ni kweli nilisahau jina ya Falonne?" akauliza.

*

Walirudi Kapata kwa miguu kutoka kituo cha basi, Godelieve ameshika karatasi ya "inapte" ndani ya bahasha. Hawakusemezana. Walipofika mahali mistari ya nyumba inapoanza, Mwenze akasimama.

"Acha mi niende mbele," akasema. "Pekee yangu. Wewe usiniambie."

"Sitakuambia."

Akaenda. Godelieve alimfuata kwa mbali, na kila hatua ulimi wake ulitaka kusema: mstari wa tatu, nyumba ya nne. Aliuuma. Mwenze alipita mstari wa kwanza. Kwenye wa pili alipunguza mwendo, akatazama mlango wa Mama Henriette, na Mama Henriette mwenyewe alikuwa kibarazani na beseni lake, anatazama. Mwenze akamsalimu kwa kichwa, akapita. Godelieve akashika kifua.

Mstari wa tatu akakata kona. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama. Mlango kushoto, dirisha kulia. Alibaki pale muda mrefu, kisha akageuka na kumtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa anangoja kichwa tu, kiitike au kikatae.

Godelieve hakutikisa kichwa. Alikuwa amempa majibu wiki nzima, na aliona yalipomfikisha.

Mwenze akainama, akavua viatu, akavishika vyote viwili mkononi ili asivisahau. Kisha akagonga mlango.

"Odi," akasema.

"Karibu," sauti ya Jémima ikajibu kutoka ndani, sauti ya adabu ambayo watoto huwapa wageni. Mlango ukafunguliwa. Msichana alimwona baba yake amesimama kwenye kizingiti, miguu mitupu, viatu mkononi, na nyuma yake mama yake njiani na bahasha. Akaelewa yote kwa mara moja, na hofu ya wazazi wake ikampata na yeye.

"Tata, juu ya nini unabisha odi?" akasema polepole. "Ni kwetu."

"Ni kwetu?"

"Njo kwetu. Ingia."

Ilikuwa kwao mpaka mwisho wa mwezi. Mwenze akamtazama binti yake, akatazama ukuta nyuma yake, akaingia.